Faili la Musa Lilikataliwa

Neno ushindi likitajwa watu wanafikiria vita, uchaguzi au mpira. Hapa kambini ushindi mkubwa kuliko yote huja kwa karatasi. Inabandikwa kwenye ubao wa matangazo, siku hizi hata kwa meseji ya simu, na ndani ya dakika chache bloki nzima imegawanyika mara mbili: waliopita na waliobaki. Hakuna bunduki iliyolia wala kura iliyopigwa, lakini mmoja anarudi nyumbani akitembea kama jemadari, na mwenzake anatembea kama mtu aliyenyang'anywa. Kesho yake asubuhi wote wawili wako bombani, foleni moja, ndoo nyuma ya ndoo.

Swali langu liko hapo bombani. Mkristo aliyeshinda akae vipi na aliyeshindwa, wakati aliyeshindwa si adui yake? Habari za adui tumefundishwa sana. Tumeambiwa tumpende na tumwombee, tukishindwa tunajua tumeshindwa wapi. Lakini huyu hajanikosea kitu. Tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka mmoja, watoto wetu wamekaa dawati moja, tumekopeshana unga mara ngapi sijui. Kosa lake ni hilo tu, kwamba jina lake halikusomwa.

Na wanaobaki ndio wengi. HCR wenyewe husema kwamba wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki hata mmoja katika kila wakimbizi mia duniani. Wazee waliofika hapa Nyarugusu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996 wameaga watu mpaka wamechoka kuaga.

Ukiuliza kwa nini mshindi anyenyekee, utapewa jibu lililo tayari: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ni neno la busara, silikatai. Ila ukilitazama vizuri utaona ni jibu la mtu anayeweka akiba. Ninakuwa mpole kwako leo kwa sababu kesho naweza kukuhitaji. Muuza dagaa yeyote sokoni anajua hilo, wala hakuhitaji kubatizwa ili alijue. Sasa mtu akiwa na hakika hatakuhitaji tena, je? Amepita mahojiano yote, amepimwa afya, amehudhuria yale mafunzo ya maisha ya ugenini, ana tarehe ya ndege. Wakunga wa nini tena? Busara hiyo inaishia pale basi linapowasha injini. Nadhani ndiyo maana tumewaona watu waliokuwa wapole miaka kumi na mitano wakibadilika katika wiki mbili za mwisho. Hawakuwa wanafiki. Sababu yao ya kuwa wapole ilikuwa imekwisha tu.

Walioshindwa nao wana methali yao: aliye juu mngoje chini. Nimeisikia hata kwa wazee wa kanisa, tena kwa tabasamu. Mimi siipendi. Mtu anayemngoja mwenzake chini ameacha kazi zake zote, shamba halilimi, mtoto hamfundishi, kazi yake imebaki kutazama juu. Na siku mwenzake akianguka kweli, huyo aliyekuwa chini anageuka mshindi, na mshindi wa namna hiyo ni mbaya kuliko wa kwanza. Nitalirudia jambo hili mbele.

Turudi kwa aliyepita. Jumapili inayofuata anasimama kutoa ushuhuda. Anasema Mungu amenikumbuka. Ngoma inapigwa, akina mama wanapiga vigelegele. Mimi hukaa nyuma, na ukikaa nyuma unaona migongo ya watu. Kuna migongo inayoinama kidogo neno hilo linaposemwa. Kwa sababu kama Mungu amemkumbuka huyu, basi yule aliyekataliwa mara mbili amefanywaje? Amesahauliwa? Wengine wanaongeza: nilifunga siku ishirini na moja, nilitoa sadaka yangu ya mwisho. Hapo ushuhuda umegeuka hesabu, na kila aliyekaa kwenye benchi anajumlisha siku zake alizofunga, anaona zinafika arobaini, anashangaa jibu lake liko wapi.

Utasema huyo ndugu hakujisifu, alimpa Mungu utukufu. Ni kweli, alimtaja Mungu. Lakini tusome Luka 18 taratibu kidogo. Sisi humkumbuka yule Farisayo kama mtu wa majivuno, basi tunamweka mbali na sisi. Kumbe sala yake ilikuwa sala ya shukrani! Alianza kwa kumshukuru Mungu. Hakudai kwamba wema wake ameutengeneza peke yake. Ubaya ulikuwa kwamba shukrani yake ilihitaji mtu wa kusimamishwa pembeni kama kipimo. Mwondoe yule mtoza ushuru pale nyuma ya hekalu, na Farisayo hana la kushukuru. Kwa hiyo kulitaja jina la Mungu katikati ya ushindi hakutoshi. Mtu anaweza kujivuna akiwa amepiga magoti.

Kipimo changu kimekuwa hiki: ushuhuda huu unaweza kusemwa mbele ya aliyekataliwa, ukimtazama machoni, bila yeye kupata hasara? Mtu akisema nimepata nafasi na sijui kwa nini nimepata mimi, niombeeni, hakuna mgongo unaoinama. Paulo aliwauliza Wakorintho jambo kama hilo, katika sura ya 4 ya waraka wa kwanza: una kitu gani ambacho hukukipokea? Na kama umekipokea, unajivunia nini kana kwamba ni chako? Haulizwi mwenye dhambi hapo. Anaulizwa mtu aliyepata.

Kuna kitabu ambacho kwa maoni yangu kiliandikwa kwa ajili ya wiki mbili za mwisho kambini, nacho ni Kumbukumbu la Torati. Fikiria hali ilivyokuwa. Watu wamekaa jangwani miaka 40, katika mahema. Kizazi kizima kimezaliwa huko, hakijui nyumba. Wanakula mana, yaani mgao, ule wa kila siku, ambao ukijaribu kuuweka akiba unaoza. Sasa wamefika ukingoni, nchi iko ng'ambo ya mto, majina yameshasomwa. Musa anawakusanya. Katika sura ya 8 anawaambia, kwa maneno mengine, kwamba hatari yenu kubwa haikuwa njaa ya huku. Iko kule. Mtakula mtashiba, mtajenga nyumba nzuri, mifugo itaongezeka, halafu mtasema ni nguvu zetu na mkono wetu.

Haya ni mafunzo ya kabla ya safari. Na mwalimu wa mafunzo hayo ni nani? Ni mtu ambaye yeye mwenyewe faili lake lilikataliwa. Musa alijua haendi. Aliomba abadilishiwe uamuzi, sura ya 3 inasema hivyo waziwazi, akaambiwa asiendelee kusema habari hiyo. Akaonyeshwa nchi yote akiwa juu ya mlima Nebo, akafa upande huu. Lakini kabla ya hapo, sura ya 33, aliyabariki makabila, moja moja kwa jina, watu waliokuwa wanakwenda asikokwenda yeye.

Mimi nimekaa na habari hii muda mrefu. Inavunja ile hesabu ya benchi. Kama kupita ni alama ya kukumbukwa na Mungu, basi Musa alisahauliwa, na hakuna Mkristo atakayethubutu kusema hivyo. Kwa hiyo wewe unayekwenda, unapomwaga mzee wa bloki ambaye kesi yake imefungwa, usimhurumie sana kwa ile sauti ya juu juu. Hujui unaongea na nani. Pengine wewe ni Yoshua, sawa, lakini mwombe akubariki. Wachache sana wanafanya hivyo. Wengi wanagawa nguo kuukuu na kuahidi kutuma pesa.

Hapa kuna mtu atauliza: basi tusifurahi? Mtu amengoja miaka ishirini, amepita, anyamaze kama mfiwa?

Hapana. Jibu analo Yoabu, mtu ambaye mimi simpendi, maana ndiye aliyemchoma Absalomu akiwa ananing'inia mtini. Lakini siku ile katika 2 Samweli 19 alikuwa na haki. Daudi ameshinda vita, na katika vita hivyo mwanawe aliyemwasi ameuawa. Anajifungia, analia kwa sauti. Askari waliohatarisha roho zao wanaingia mjini kwa kunyata kana kwamba wao ndio wakosaji. Yoabu anaingia chumbani na kumwambia mfalme kwamba amewaaibisha watu waliomwokoa. Daudi anaondoka, anakwenda kukaa langoni ili watu wamwone. Machozi yake yalikuwa ya kweli, sina neno. Ila huzuni ya mshindi nayo inaweza kuwadharau watu.

Ninawafikiria wanaoficha. Hawasemi kwa mtu, hawaagi, basi linakuja alfajiri, jirani anaamka anakuta mlango umefungwa kwa waya. Wana sababu: wanaogopa wivu, wanaogopa uchawi, wanaogopa barua za majungu zinazoandikwa usiku ili kesi ya mtu iharibike. Sina jiwe la kuwarushia. Lakini wasituambie kwamba huo ni unyenyekevu. Umemkatia jirani yako nafasi ya kukuombea, na ya kulia kidogo, na mtoto wake anamtafuta wako siku tatu.

Furaha ina mahali pake pa kusimama. Wakongo wa umri wangu wote wanaikumbuka Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipoifunga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0 huko Abu Dhabi na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. (Fainali Inter ya Milan ilitufunga 3, tuseme ukweli wote.) Kipa wetu Kidiaba alikaa chini na kurukaruka kwa makalio kwenye nyasi, dunia nzima ikacheka. Nani alidharauliwa pale? Hakuna mtu. Alikuwa akiruka kwenye upande wake wa uwanja, mbali na waliofungwa, kama mtoto. Sasa linganisha na vijana wetu timu ya Wakongo inapoifunga timu ya Warundi hapa. Njia ya kurudi nyumbani ni fupi, wanaijua. Lakini wanazunguka njia ndefu, wapite katikati ya bloki za Warundi na sufuria na vifuniko, wakipiga. Furaha ile haikuwa na haja ya kuzunguka. Ukiona miguu yako inatafuta mlango wa aliyefungwa, jua kuna kitu kingine kimeingia ndani ya furaha. Na Jumapili ileile wote hao, wa pande zote mbili, watakuwa wameshika kitabu cha nyimbo.

Yuko mshindi mmoja katika Biblia ambaye hahubiriwi vya kutosha, Elisha katika 2 Wafalme 6. Mfalme wa Shamu anatuma jeshi likamkamate usiku. Jeshi linapigwa upofu, Elisha analiongoza lenyewe mpaka katikati ya Samaria, na macho yao yanapofunguliwa wamo ndani ya mji wa adui. Mfalme wa Israeli anauliza mara mbili kwa pupa: niwapige? niwapige? Elisha anakataa. Anasema wapewe chakula na maji. Mfalme anaandaa karamu kubwa, wale askari wanakula, wanakunywa, wanarudi kwao.

Ninachokipenda ni kwamba hakuna hotuba. Hakuna aliyesimama kuwaeleza jinsi walivyokuwa na bahati, wala wimbo wa ushindi haukuimbwa wakati wanatafuna. Sisi tunaopokea mgao tunajua tofauti hiyo vizuri sana. Kuna mkono unaokupa unga na mdomo ufungwe, na kuna mkono unaokupa unga pamoja na maneno, na ule wa pili unga wake ni mzito kubeba.

Wahubiri wengi hukomea mstari wa 23, pale inaposemwa vikosi vya Shamu havikuja tena. Wanatoa somo: ukiwa mwema kwa adui, atakuacha. Sasa soma mstari wa 24 na wa 25. Mfalme Benhadadi anakuja na jeshi lake lote, anauzingira mji uleule, njaa inaingia mpaka kichwa cha punda kinauzwa vipande 80 vya fedha. Nadhani mwandishi aliziweka habari hizo karibu kwa makusudi. Yule aliyelisha wafungwa ili apate amani ya kudumu, hakuipata. Karamu ilikuwa sahihi hata hivyo.

Na Bwana mwenyewe? Asubuhi ya Pasaka hakuna aliyewahi kushinda kama yeye. Mimi ningekuwa yeye, ningepita kwa Kayafa kwanza. Ningebisha hodi taratibu. Halafu kwa Pilato, nimwonyeshe mikono. Hakuna Injili inayosema alikwenda huko. Katika Yohana 21 tunamkuta ufukweni, amewasha makaa, anaoka samaki, anawaita wale waliomkimbia waje wafungue kinywa. Petro, aliyemkana mara tatu akiota moto wa makaa, anakuta moto mwingine wa makaa na mkate. Wanakula kwanza, maswali yanakuja baadaye.

Ninyi ndugu wa mashirika mnaosoma kijarida hiki, nina neno moja dogo kwenu. Mnapopiga picha familia inapanda basi, picha ni nzuri, watoto wamevaa vizuri. Lakini nyuma ya kamera wamesimama watu ambao hawamo kwenye picha. Nimeona mahali fulani jibu la kukataliwa likitolewa dirishani, kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Hilo linaweza kufanywa mezani, kwa sauti ya chini, na kiti. Haihitaji bajeti.

Nilisema nitarudi kwa yule anayengoja chini. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile aliyoapishwa, Rais Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi. Mwaka wa fedha uliotangulia nchi hiyo ilikuwa imepokea zaidi ya watu 100,000, na Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lingine lolote. Watu waliokuwa na tarehe mkononi wakaambiwa ndege hakuna.

Katika bloki moja ninayoijua kulikuwa na bwana wa namna hiyo. Alikuwa ameuza kila kitu, mpaka jembe. Wiki moja kabla, pale bombani, alikuwa amesema kwa sauti: tunawaachia matope yenu. Habari zilipofika, vijana walitunga wimbo wa matope kabla jua halijazama, na watu wazima waliuimba. Ile methali ilikuwa kwenye kila mdomo.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta ni mama mjane, kesi yake imekataliwa mara mbili. Yeye ndiye aliyekuwa amenunua sufuria yao kubwa ya ugali, kwa shilingi 12,000. Siku ya tatu alionekana anavuka uani na ile sufuria kichwani, akaiweka mlangoni kwao, akarudi. Watu wakaanza kumwita mtakatifu. Mimi nilikwenda kumwuliza, maana ni kazi yangu kuuliza.

“Mwalimu, usinione mutakatifu,” aliniambia. “Siku ya kwanza nilifurahi sana. Niliimba na batu. Usiku usingizi ukakataa. Nikaomba Mungu aitoe ile furaha, ilikuwa inaniuma mu tumbo.”

Nikamwuliza kama sufuria ameitoa zawadi.

“Zawadi ya nini? Niliuza kuku zangu juu ya ile sufuria. Nimewaazima.”

Kuhusu matope hakumwambia yule bwana lolote, na yule bwana mpaka leo hajaomba radhi. Wanapika kwa zamu. Mke wa yule bwana anapika saa kumi, mama mjane saa kumi na mbili, giza likiingia. Nilitaka kujua imekuwaje mwenye sufuria ndiye anayepika wa pili. Akasema wale wana watoto sita, yeye anao wawili na ni wakubwa, na watoto wadogo hawajui kungoja.